MAISHA YA NYUMBANI: Posa ya Kukumbukwa

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Sasa mavuno yamekwisha. Chakula kipo, na fedha kidogo ipo. Huu ndio wakati ambao vijana wengi huanza kufikiri juu ya kuoa. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya posa.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa kitongoji chetu alikuja nyumbani kwangu jioni. Aliniamkia, akakaa kwenye kigoda, akanyamaza. Nilijua ana neno. Mwishowe akasema, "Babu, nataka kuposa. Lakini nataka posa yangu ikumbukwe na watu wote."

Nikamwuliza ataifanyaje. Akatoa simu yake akanionyesha picha. Niliona kijana wa mjini amepiga goti moja chini, mbele ya umati wa watu. Ameshika pete. Msichana amejifunika uso kwa mikono. Watu wanapiga makofi. Kijana wetu akasema, "Nami nitafanya hivi hivi siku ya mnada. Yeye huuza nyanya pale. Watu wa kata nzima watakuwapo."

Nikamwuliza swali moja tu: "Na akisema hapana?"

Hakujibu. Alitazama simu yake, kisha akaitia mfukoni. Mimi sikumcheka. Swali hilo na mimi nilishindwa kuliuliza siku moja, zamani, na nikaona matokeo yake.

SIKU NILIPORUDI NA BARUA

Miaka mingi iliyopita jirani yangu aliniomba niwe mshenga wa mtoto wake. Nilifurahi. Kuchaguliwa mshenga ni heshima. Nilimwita kijana nikamwuliza, "Umezungumza na huyo msichana?" Akasema, "Ndiyo mzee, tumekubaliana." Sikuuliza zaidi. Hapo ndipo nilipokosea.

Tulikwenda watu wawili, mimi na mzee mwenzangu. Nilivaa koti langu la sikukuu. Tulipokewa vizuri, tukapewa viti na maji ya kunywa. Nikaanza kusema kwa mafumbo, kama ilivyo desturi. Nikasema tumepotelewa na ndama, na nyayo zake zimeingia katika boma hili. Wenyeji walicheka. Baba wa msichana alipokea barua, akampa mdogo wake aisome. Ndani ya bahasha zilikuwamo fedha za kishika uchumba. Kila mtu alikuwa na furaha. Nyuma ya nyumba nilisikia watoto wakimkimbiza jogoo, nikajua leo tutakula.

Ndipo shangazi yake msichana akasema, "Mwiteni mwenyewe."

Msichana alikuja, akapiga magoti, akatuamkia. Baba yake akamwuliza, "Wageni hawa unawafahamu?" Ndugu msomaji, swali hilo unalijua. Msichana akijibu kwamba anawafahamu, maana yake barua ipokewe. Yule msichana alitutazama. Akasema, "Siwafahamu."

Baba yake akauliza mara ya pili kwa sauti ya juu. Msichana akajibu vile vile, huku machozi yanamtoka. Watu wote kimya. Shangazi akasimama, akachukua barua na fedha, akanirudishia mkononi. Akasema, "Mtoto amesema."

Tulirudi nyumbani gizani. Mimi na mwenzangu hatukuzungumza njia nzima. Jogoo nadhani alipona.

Baadaye nilimbana kijana anieleze ukweli. Alikuwa amemsalimu msichana yule kisimani mara mbili. Kisha alimpelekea kanga kwa mkono wa dada yake. Msichana alidhani kanga ni zawadi ya dada. Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yao!

Watu wengi kijijini walisema msichana ametuaibisha. Mimi sikusema hivyo, na leo sisemi. Kama shangazi asingekuwapo siku ile, barua ingepokewa, na binti angeolewa na mtu asiyemtaka. Sasa fikiri kama jambo lile lingefanyika mnadani, watu mia mbili wakipiga makofi. Je, angeweza kusema "Siwafahamu"? Angesema ndiyo kwa hofu. Halafu angekwenda kulia nyumbani.

Ndiyo sababu wazee walimweka mshenga. Vijana wengine hudhani kazi ya mshenga ni kusema maneno matamu na kupunguza mahari. Hiyo ni kazi yake ya pili. Kazi yake ya kwanza ni kuibeba hapana. Jibu likiwa hapana, mshenga hulibeba kimya kimya mpaka nyumbani. Kijana haaibiki, msichana hatukanwi, na wazazi wa pande mbili wanaendelea kusalimiana. Ndiyo yenye thamani ni ile ambayo ingeweza kuwa hapana. Posa inayokumbukwa kwa furaha hujengwa juu ya ndiyo ya namna hiyo.

KWANZA MWULIZE MWENYEWE

Kwa hiyo kabla ya mshenga, kabla ya barua, kabla ya kuuza mbuzi, nenda kazungumze na mwenyewe. Usimtume dada yako. Usimtume rafiki yako. Chagua mahali pa wazi ambapo yeye hataona hofu, lakini watu wasisikie maneno yenu. Njiani mkitoka shambani panafaa. Mwambie kwa maneno yanayoeleweka: "Nataka kukuoa. Wewe unasemaje?" Kisha nyamaza umsikilize.

Akiomba muda, mpe muda. Akisema hapana, mshukuru, uende zako. Usimfuate kisimani kila siku kama nzi.

Na wewe dada unayesoma gazeti hili, jambo hili ni lako pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna ndoa bila hiari ya wote wawili. Hiari yako haitolewi na baba, wala kaka, wala mjomba. Kama umelazimishwa kusema ndiyo, hiyo si hiari.

Jambo la umri nalo lazima tuliseme. Sheria hiyo ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo. Wakasema umri uwe miaka 18, mume na mke sawasawa. Tena, katika mwaka huo wa 2016, Sheria ya Elimu ilibadilishwa. Anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Kwa hiyo binti akiwa bado anavaa sare ya shule, usiandike barua yo yote. Mshenga naye asikubali kutumwa.

BARUA YA MKONO WAKO

Sasa tuje kwenye barua. Hapa ndipo mwanakisomo anaweza kufanya jambo kubwa kuliko goti na pete.

Zamani kijijini kwetu watu waliojua kuandika walikuwa wachache. Kijana akitaka kuposa, alikwenda kwa mwalimu au kwa mwenye duka. Alimweleza siri yake yote. Yule mwandishi aliandika alivyotaka yeye, kwa maneno makubwa makubwa. Kesho yake habari imeenea kilabuni. Mimi mwenyewe nimewaandikia watu barua nyingi za namna hiyo, na nakiri kwamba zote zilifanana. Niliwafanya watu wote kuwa "mtumishi wako mtiifu", hata mtu ambaye hakuwahi kumtumikia mtu maishani mwake.

Siku hizi kuandika umejifunza. Andika mwenyewe. Hata kama herufi zako zimepinda, ni zako.

Nitakueleza habari ya mama mmoja wa darasa letu la kisomo. Mumewe alifariki akamwachia watoto watatu na shamba la mihogo. Shemeji yake alitaka kumrithi, akisema ndiyo mila. Mama yule hakutaka, lakini hakujua la kusema. Basi, akajifunza kusoma. Siku moja fundi matofali wa kitongoji cha pili, naye amefiwa na mkewe, alimpelekea barua. Ilikuwa imefungwa vizuri. Mama yule hakumpa mtu aisome. Aliisoma mwenyewe usiku, kwa taa ya koroboi, akipitisha kidole chini ya kila neno. Ilimchukua usiku mara tatu kuimaliza. Aliniambia baadaye kwamba ile ndiyo barua ya kwanza maishani mwake aliyoisoma yote bila msaada.

Akaijibu kwa maneno manne: "Njoo na mshenga wako."

Shemeji alileta maneno mbele ya wazee. Mwalimu wa kisomo akawasomea sheria. Sheria ile ile ya mwaka 1971 inasema kuwa mjane ana uhuru wa kukaa anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mtu anayemtaka yeye, hata kama mila inasema vingine. Wazee walisikiliza, wakatikisa vichwa, mambo yakaisha. Mama yule na fundi wake wanaishi pamoja hadi leo. Barua ile ameitunza katika sanduku pamoja na kanga zake. Hiyo ndiyo posa ya kukumbukwa ninayoijua mimi, na haikuwa na hata mtu mmoja wa kupiga makofi.

Sasa nakupa mfano wa barua kwa baba wa msichana. Jaza mahali penye nukta.

Kijiji cha ..........
Tarehe ..........

Kwa Mzee ..........,

YAH: POSA

Shikamoo baba. Natumaini ninyi nyote hamjambo. Sisi hatujambo.

Mimi ni mtoto wa Mzee .......... wa kitongoji cha .......... Umri wangu ni miaka .......... Kazi yangu ni ..........

Naomba ruhusa ya kumwoa binti yako .......... Mimi na yeye tumezungumza, na amenikubalia nilete barua hii.

Anayeileta ni mshenga wangu, Ndugu .......... Mkimwuliza lo lote juu yangu atawajibu.

Tutangoja jibu lenu kwa muda mtakaotupangia. Jibu likiwa ndiyo, tutashukuru sana. Likiwa hapana, tutaendelea kuheshimiana.

Ni mimi mtoto wako,
..........

Tazama maneno haya: "amenikubalia nilete barua hii." Kama si kweli, usiyaandike. Yatakurudia, kama yalivyonirudia mimi kwa mdomo.

Wazee wengine watakwambia ukiandika "likiwa hapana" unajiletea nuksi. Mimi sikubaliani nao. Baba wa msichana akisoma maneno hayo anajua kwamba anayeomba binti yake ni mtu mwenye adabu, ambaye hata akikataliwa hatageuka adui.

Andika kwanza kwenye daftari. Soma kwa sauti. Kisha nakili kwenye karatasi safi kwa kalamu ya wino. Usitume posa kwa simu. Simu inafaa kuuliza mshenga atafika saa ngapi. Barua ya karatasi huwekwa sandukuni.

SIKU YENYEWE

Mchague mshenga mwenye ndoa yake nzuri, asiye mlevi, na anayejua kunyamaza. Msemaji mno hafai. Na mshenga naye amwone msichana, au shangazi yake, kabla ya kwenda. Mimi tangu siku ile sijabeba barua bila kuuliza pande zote mbili.

Desturi za mahali hazifanani. Kwa hiyo mshenga aulize mapema watu wa upande wa pili wanataka nini. Pwani, kwa mfano, utasikia habari za kilemba cha baba na mkaja wa mama. Uchagani pombe ya mbege ina nafasi yake katika mambo ya ndoa. Kwa wafugaji mazungumzo ni ya ng'ombe. Kwa Waislamu mahari yenyewe ni haki ya bibi arusi, si ya baba yake. Fedha za bahashani pia hazina kiasi kimoja. Uliza. Ukikisia, unaweza kumwudhi mtu bila kujua.

Jibu lisipopatikana siku hiyo hiyo, usione vibaya. Wazazi wana haki ya kuuliza habari za ukoo wenu. Wanataka kujua kama una mke mwingine, kama una madeni, kama una hasira. Wewe ungekuwa na binti ungefanya hivyo hivyo.

ANDIKENI KILA KITU

Barua ikikubaliwa, mtapanga mahari. Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, maana watu husahau. Mmoja anasema alitoa ng'ombe watatu, mwingine anasema wawili, na yule wa tatu inadaiwa alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo andikeni. Chukueni karatasi mbili. Katika kila moja andikeni tarehe, kitu kilichotolewa, aliyetoa na aliyepokea. Watu wa pande zote watie sahihi, na mashahidi pia. Kila upande ukae na karatasi yake.

Karatasi hiyo ina kazi. Sheria ya Ndoa inaruhusu mtu kudai zawadi alizotoa kwa ajili ya ndoa, kama ndoa yenyewe haikufungwa, na kama mahakama imeridhika kwamba zilitolewa kwa sharti hilo. Vile vile mtu aliyeahidiwa ndoa, halafu ahadi ikavunjwa, anaweza kudai gharama alizotumia kweli kwa sababu ya ahadi ile. Mwanamume anaweza kudai, na mwanamke pia. Lakini bila maandishi utathibitisha nini?

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mahari isipomalizika kulipwa, ndoa iliyofungwa kwa halali haiharibiki. Mzazi asimfuate binti yake kwa mumewe na kumrudisha nyumbani eti kwa sababu ng'ombe mmoja bado. Deni ni deni, na ndoa ni ndoa.

Mwisho wa hayo, kumbukeni siku 21. Taarifa ya kukusudia kuoana hutolewa kwa msajili au kwa kiongozi wa dini atakayefungisha ndoa, siku 21 kabla ya arusi. Hueleza pia kama ndoa itakuwa ya mke mmoja au ya wake wengi. Jambo hilo mlizungumze ninyi wawili mapema, wakati ule wa njiani. Si jambo la kulisikia kwa mara ya kwanza mbele ya msajili.

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Sikumkataza pete. Pete ni kitu kizuri, na akitaka kupiga goti, apige wakiwa wawili tu. Siku ya mnada hakupiga goti. Alingoja biashara iishe, akamsaidia yule binti kubeba tenga lake tupu, wakatembea pamoja hadi njia panda. Akamwuliza. Binti akacheka, akasema, "Nipe siku chache nifikiri." Siku ya nne akasema, "Lete barua."

Juzi kijana aliniletea barua ili niisome. Ameiandika mwenyewe kwenye karatasi ya mistari. Ina makosa mawili ya herufi. Nimemwambia asiyafute. Nilimwona na shangazi yake binti, akaniambia ni kweli, mtoto amesema nije.

Tunakwenda Jumamosi asubuhi, mimi na mzee mwenzangu yule yule. Koti langu nimeshalitoa sandukuni, limeanikwa juani. Baba yake atajibu nini, hatujui.